Meno Mawili ya Kuolea

Mimi kabla sijaoa nilikuwa na meno ya kutisha. Nikicheka, mbwa wa shamba aondoka. Nikilala mdomo wazi, mama yangu anifunika uso, asema mwangaza wamzuia kulala.

Kazi yangu ilikuwa kufua nazi, huko Mishomoroni, miaka miwili mitatu kabla ya bendera kubadilishwa. Nazi twaifulia kwenye kifuo, ule mkuki mfupi wa chuma uliochimbiwa ardhini, ncha juu. Waibwaga nazi pale, waisokota, kumbi latoka. Siku za kazi nami nilifulia kifuo kama wenzangu. Lakini penye harusi, ambapo nazi za pilau na za mchuzi zafuliwa uani na wasichana wachungulia, kifuo nilikuwa nakiacha. Naishika nazi kwa mikono miwili kama mtu anayebusu mtoto, natia meno, navuta, kumbi lang'oka, natema kando. Watu wapiga makofi. Nazi nyingine, wallahi, zilikuwa zikiniona tu zajivua zenyewe.

Mke nilimpata kwa meno hayo hayo. Wazee wangu walipopeleka posa Mjambere, baba wa binti hakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa mama. Mumewe yule alikuwa kibogoyo, hana jino juu, hana jino chini, na si kwa uzee. Yalimng'oka yote angali kijana, mwenyewe asema ni jicho la watu. Basi yule mama, tangu aolewe, nyama ya mumewe aitwanga kwenye kinu.

Aliwaambia wazee wangu, "Mimi nimetwanga nyama mpaka mikono imeota misuli kama ya mchukuzi wa bandarini. Mwanangu hatamtwangia mtu nyama. Huyu mfua nazi nimemwona, meno anayo, namtaka. Lakini sikizeni. Siku akiniletea pengo, hata moja, posa yake nairudisha na sahani zake."

Wazee wangu wakacheka. Wakamwambia, "Pengo? Yule? Yule atazikwa nayo yote."

Haukupita mwezi.

Kulikuwa na harusi ya watu, na mimi nafua kwa meno kama kawaida, watu wamenizunguka. Nina rafiki, mfuaji mwenzangu, mtu wa maskhara sana. Akaniletea nazi moja ndogo, nyeusi, kavu. Ile nazi nafikiri ilibaki tangu wakati wa Wareno. Akaniambia, "Hii huiwezi."

Mimi kuambiwa siwezi! Nikatia meno. Nikavuta. Pakalia *ka!*, watu wakashangilia, wakidhani kumbi limeachia. Mimi pia nilidhani hivyo. Nikatema. Nikatazama chini nikaona kipande cha kumbi kidogo, na ndani yake meno mawili yamesimama wima kama mashahidi.

Rafiki yangu akayaokota, akayageuza geuza. "Bwana," akasema, "leo nazi ndiyo imekufua wewe."

Basi hapo maskhara yakaisha, kwa sababu nikahi imepangwa baada ya Maulidi na yule mama aweza kutokea popote. Nikaanza kutembea na kitambaa mdomoni, nasema nina mafua. Mafua gani hayo ya wiki mbili? Nikaambiwa nijifukize. Nikajifukiza kwa majani ya mkaratusi, nalia machozi, na pua yangu nzima, haina hata kamasi.

Mjini kwa daktari wa meno sikuthubutu kwenda. Ukikaa kwenye benchi la daktari mjini saa tatu, saa nne habari ishafika Kisauni, tena imeongezwa chumvi. Nikaona bora Changamwe, kwenye watu wa reli na watu wa bara, huko nani anijua? Nikavuka daraja la Nyali, lile la kuelea, nikakatiza kisiwa kizima na kitambaa changu, nikavuka Makupa, nikafika.

Daktari mwenyewe alikuwa Mhindi wa makamo, mpole, miwani imeteremka puani. Nikafungua mdomo akachungulia.

"Yaliyobaki mazuri sana," akasema. "Haya mawili yamekwenda wapi?"

"Yamebaki kwenye nazi."

Akanitazama. Nikamwambia, "Daktari, nataka mengine mawili, uyachimbie."

"Niyachimbie wapi?"

"Kwenye taya. Kama kifuo." Na nikaona huyu mtu hajui kifuo, nikamsomesha. "Wachimba shimo, lisiwe pana. Watia chuma. Washindilia kokoto. Kisha wakiacha, hukigusi, mpaka ardhi yenyewe ikishike, hata mvua moja mbili zipite. Ukiwa na haraka ukaanza kufulia, kitatikisika, na kikishatikisika basi, hakishiki tena. Nifanyie hivyo hivyo. Mimi kungoja nitangoja, bora kiwe tayari mwezi ujao."

Nilikuwa nishainuka kwenye kiti, namwonyesha kwa mikono jinsi ya kushindilia. Alivua miwani, akaifuta, akacheka polepole.

"Bwana," akasema, "taya lako si shamba. Mfupa uko hai. Nikikuchimbia chuma, mfupa utakikataa, utatunga usaha, na mwisho nitatoa chuma na taya pamoja. Ulaya wako watu wanajaribu. Waache wajaribu wao."

Nilimwona mwoga. Na juzi juzi tu mjukuu wangu alinipeleka kwa daktari wa meno, kijana mdogo, akaniambia eti siku hizi wachimba kweli! Watia skrubu kwenye mfupa, waiacha miezi, hawaigusi, mpaka mfupa uikumbatie wenyewe, ndipo wapachika jino juu yake. Nikamwambia, "Mwanangu, mmechelewa sana." Akaniuliza nilisomea wapi habari hizi. Nikamwambia Mishomoroni, chini ya minazi. Hakusadiki. Lakini yule wa Changamwe naye simlaumu, kwa wakati wake alisema kweli, na taya langu ninalo mpaka leo nalitumia kusengenyea.

Alinitengenezea kibamba. Kitu chembamba, rangi ya ufizi, kimefinyangwa sawasawa na paa la mdomo wangu, mbele kina meno mawili meupe na pembeni vijiwaya vya kushikia magego. "Kinashikwa na mate," akasema. "Usikipake kitu chochote. Na mbele using'ate. Umesikia?"

Nilisikia. Lakini kibamba chenyewe hakikusikia. Nikipiga chafya, nakidaka kwa mkono. Nikicheka, chabaki nyuma, meno yameshuka mdomo umepanda. Siku moja kiliingia kwenye bakuli la uji, nikakitafuta kwa kijiko kama mtu anayetafuta pweza. Na nikahi imebaki siku chache.

Rafiki yangu nilimweleza, maana yeye ndiye aliyeniletea ile nazi ya Wareno.

"Kinashikwa na nini?" akauliza.

"Na mate."

"Mate! Mate ni ya kubandika stempu, bwana. Mtu aoa kwa mate? Wataka kitu cha kushika." Na akaniletea ulimbo. Yeye alikuwa mtegaji wa ndege, na ulimbo aliupika mwenyewe: utomvu wa mfenesi na mafuta ya nazi kidogo, wachemshwa mpaka uwe kama lami. Upakwe kijitini, ndege akitua, hapo ndipo kwao mpaka uje umbandue.

Alasiri ya nikahi akanikalisha nyumbani, akaupasha moto, akakipaka kibamba juu, akapaka tena, akapaka na mara ya tatu kwa mapenzi. Akanibandika. Tukangoja kipoe. Kisha akashika yale meno mawili akayavuta, na kichwa changu chote kikafuata.

"Ardhi imeshika," akasema.

Tukaenda Mjambere. Kanzu nyeupe, kofia ya vito, kilemba, joho la kuazima. Nafika tu, yule mama yuko nyuma ya mlango na kina mama wenzake, wachungulia. Nikamkenulia kwa makusudi, meno yote nje. Nikamsikia, "Mwaona? Mwauona ukuta ule?" Vigelegele. Nikajisemea, nishaoa.

Sasa sheikh akachelewa. Tumekaa kwenye jamvi, wanaume tele, na walioleta kahawa wakaanza kupitisha. Kahawa tungu, ya moto wa kuunguza kucha. Nikanywa kikombe. Nikanywa na cha pili, roho imetulia. Mara nikahisi kitu chatambaa mdomoni. Ule ulimbo kwa moto wa kahawa umeyeyuka, wateremka polepole, washuka kwenye meno ya juu, wafika ya chini. Kumbe rafiki yangu alipaka wa kukamata tai. Na papo hapo sheikh akaingia. Watu wakasimama, wakakaa, mimi nikafunga mdomo, nikainamisha kichwa, bwana harusi mwenye haya. Hotuba ikasomwa, ndefu, nzuri. Na wakati yasomwa, ulimbo wapoa.

Baba mkwe akanishika mkono wa kulia. Akataja jina la binti yake, akasema kwa ufizi wake ule laini, "Nimekuoza binti yangu kwa mahari tuliyopatana."

Na hapo mwanamume ajibu neno moja tu. Nimekubali. Jibu kwa mdomo wako, mashahidi wasikie. Bila hilo hakuna ndoa, hata ukiwa umeleta ng'ombe wa Kisauni nzima.

Nikafungua mdomo. Haukufunguka.

Nikajaribu tena. Shingo imetoka mishipa, macho yamenitoka, meno ya juu na ya chini yamekumbatiana kama ndugu waliopoteana.

"Mmmh," nikasema.

Sheikh akaniinamia. "Mmmh si jibu, mwanangu. Sema nimekubali."

"Mmmh! Mmmh!"

Kisha minong'ono. "Amekataa?" "Ati yuakataa, binti ameshapambwa!" Mashemeji wawili, vijana wa mabega, wakaanza kukunja mikono ya kanzu. Nyuma ya dirisha nikasikia sauti ya yule mama: "Kuna nini huko? Mbona hajibu?" Nami mkono wangu uko mkononi mwa baba mkwe, jasho lanitoka, natikisa kichwa ndiyo ndiyo ndiyo, na kichwa hakihesabiwi.

Rafiki yangu pekee ndiye aliyefahamu. Akaruka magoti ya watu. "Kahawa! Leteni kahawa ya moto! Ataka kuyeyushwa huyu!"

"Ayeyushwe nini?" sheikh akauliza.

Rafiki yangu akanishika pua kama anayemnywesha mtoto dawa, akapitisha kahawa pembeni mwa mdomo, ikaniunguza mpaka nikaona jamaa zangu waliokufa. Nusu ikanimwagikia kanzuni. Lakini nikahisi taya laregea. Nikalivuta. Kwa nguvu zangu zote za kufua nazi, nikalivuta, na mdomo ukafunguka ghafla, na kibamba kikachomoka kama risasi kikamganda baba mkwe kifuani, kwenye kanzu nyeupe, meno mawili mbele, yacheka.

Watu wote wamekitazama. Naye akainama akakitazama. Kisha akaninyanyulia uso, akaona pengo langu, kubwa, laweza kupita mkate wa mofa. Hapo nikajua chaguo langu ni moja. Nikifunga mdomo kwa aibu, posa inarudi na sahani zake. Na dirishani tayari nasikia leso zapangusana, yule mama apita katikati ya watu aje aone.

Baba mkwe naye alisikia. Mkono wangu hakuuachia. Akaubana, akasema mbio mbio, kwa mara ya pili, "Nimekuoza binti yangu kwa mahari tuliyopatana, jibu upesi!"

"Nimekubali!" Ikatoka na ulimbo, ikatoka na kahawa, lakini ikatoka.

"Mmesikia?" sheikh akawauliza mashahidi.

"Tumesikia!"

"Al-Fatiha."

Na yule mama ndio anafika mlangoni. Akaniona. Akamwona mumewe na meno mawili kifuani, ya kwanza kuwa nayo tangu ujana. Akashika kichwa. "Pengo! Sheikh, huyu ana pengo!"

"Mama," sheikh akasema, "mume ameshakubali. Pengo limeingia nalo kwenye ndoa."

Wanaume wakalala chini kwa kicheko. Yeye hakucheka. Wakati wa kupelekwa kwa bibi harusi nikamkuta amesimama mbele ya mlango wa chumba, amejifunga leso kiunoni, mkononi ana kashata ya njugu, ile ngumu iliyopitiliza moto kwenye sufuria.

"Tafuna," akasema. "Nisikie."

Nikaipeleka kwenye magego, nikatafuna. Yeye ametega sikio karibu na shavu langu kama mtu anayesikiliza saa kama yaenda. Kashata yalia kru, kru, kru. Nikameza. Nikaomba nyingine.

Akanitazama sana. "Pita," akasema. "Na kinu changu siazimi."

Nikaingia. Bibi harusi ameketi kitandani, amefunikwa gubigubi, asmini mpaka magotini, hatujasemezana hata siku moja. Nikamwekea mkono kichwani nimsomee dua kama walivyonifundisha. Nikaanza tu, kila penye *s* patoka mluzi. Nikaona mabega yake yatikisika. Nikaogopa, nikajua analia, kaozwa kibogoyo. Nikasoma haraka zaidi, mluzi nao ukazidi, na mabega nayo yakazidi. Nikainua utaji kidogo. Amejitia ncha ya leso mdomoni, machozi yamtiririka, acheka hana pumzi.

Nikamaliza dua yangu kwa mluzi vile vile mpaka mwisho. Akaitoa leso mdomoni, akaitikia amina.