Kaputula ya Mama Pudentienne

Watu wa siku hizi wakimtaja Mama Pudentienne wanaanza na unene wake, halafu wanacheka. Nyamazeni kidogo. Kama ulizaliwa kati ya Kalundu na Kiliba miaka ile ya uhuru, huenda mkono wa kwanza kukugusa hapa duniani ulikuwa wake. Mimi Léa nilikuwa jirani yake pale Nyamianda, mjini Uvira, ua kwa ua, kwa hiyo niachieni mimi nimsimulie.

Mnene alikuwa mnene kweli, sikatai. Kwetu hiyo ilikuwa sifa. Mwanamke akinenepa, watu husema nyumbani kwake kunaliwa vizuri, na mumewe anaheshimiwa sokoni. Lakini baiskeli, ambayo sisi tunaiita kinga, haijui sifa.

Alikuwa mzalishaji wa dispansari, yaani mkunga. Kabla ya uhuru alizungushwa kwa gari pamoja na masista. Uhuru ulipokuja, masista wakaondoka, gari nalo likaondoka, na hakuna aliyetuambia limekwenda wapi. Kilichobaki ni kinga moja nyeusi ya kiume, chuma kizito, na Mama Pudentienne akaambiwa, hii sasa ndiyo gari lako. Alijifunza kuiendesha kwenye barabara ya Kalundu, wapakuzi wa bandari wakiacha magunia chini ili wamtazame.

"Mama, hiyo kinga italia!" mmoja akampigia kelele.

"Iache ilie," akajibu bila kugeuka. "Mama yako alilia kuipita, siku ile weye ulikataa kutoka."

Wenzake walimcheka yule mpakuzi mpaka akarudi kwenye magunia yake. Tangu siku hiyo hakuna aliyemchokoza tena kule bandarini.

Shida ilikuwa mapaja. Ukipanda kinga ya kiume, kikwembe, kile kitenge ulichojifunga, kinapanda nawe, na paja linasuguana na paja. Weka hapo joto la bonde la Ruzizi, weka jasho, weka vumbi la barabara ya Kiliba. Akifika kwa mzazi, anazalisha akiwa amesimama miguu imeachana, na wenye nyumba wanadhani ndiyo mtindo wa dispansari. Alijaribu kujipaka mawese, yakaharibu vikwembe vyake vyote. Alijaribu unga wa muhogo, na mapajani unga ukageuka ugali. Akanunua kaputula sokoni, ile ya kiume. Ilikwama magotini. Kaputula za wakati ule zilikatiwa maboi wa wazungu na basoda, yaani askari, watu waliokula mara moja kwa siku. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu mnene naye atapanda kinga.

Basi akaenda kwa fundi Rénovat, aliyekuwa na mashini yake ya kushona kwenye baraza karibu na soko. Rénovat alikuwa fundi mzuri ila mwoga wa wanawake. Kusikia kaputula ya mama, macho yake yakaenda juu kwenye mabati.

"Minye siwezi kupima mama wa watu hapo," akasema. "Bibi yangu atanifukuza. Kamata kamba, ujipime mwenyewe kwako, ufunge fundo. Tena itakula nguo mara mbili, utalipa mara mbili."

Mama Pudentienne akajipima nyumbani, amesimama wima kama anaimba wimbo wa taifa. Sasa niambie, nani anaendesha kinga amesimama? Mtu mnene akikaa anaongezeka. Kaputula ilipasuka kwenye daraja la Mulongwe, wanawake wakifua chini yake, na mlio wake ulisikika mpaka ng'ambo. Ya pili ilikatwa pana zaidi, haikupasuka, lakini mishono yake minne ilikutana katikati, pale pale anapokalia. Ule mshono ulimkata kuliko ngozi yake mwenyewe. Watu walicheka sana. Na mimi nilicheka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kicheko changu kiliisha mwaka ule nilipopata mimba ya kwanza. Mimi ni mtu wa juu, wa milima, kwetu ni ng'ombe na maombi. Mume wangu Semana alinishusha Uvira, akawa anauza siagi. Nilipoolewa, mama yangu Mukamusoni alinipa ngobyi, ile ngozi ya ndama ambayo mwanamke wa kwetu humbebea mtoto mgongoni. Alikuwa ameisugua kwa siagi msimu mzima mpaka ikawa laini kama sikio la ndama mwenyewe. Niliitundika ukutani juu ya kitanda. Kila asubuhi nilikuwa naigusa.

Uchungu ulinishika kabla ya jua kuwaka. Semana alikimbia kumwita Mama Pudentienne, akaambiwa yuko Kalundu, akakimbia mpaka Kalundu. Akamkuta, wakaanza kurudi. Kwa kinga mtu angefika upesi sana. Mimi nilingoja na majirani, nikangoja, mtoto hakungoja. Alitoka amezungukwa na kitovu shingoni, na hakuna aliyejua la kufanya. Alikuwa mvulana.

Mama Pudentienne alipoingia uani, nilimwona kupitia mlangoni. Alikuwa anaisukuma ile kinga. Anatembea, anasukuma, kama anapeleka mbuzi sokoni!

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, kikaisha, nikaendelea kwa lugha ya kwetu. "Uko na kinga na unatembea? Mutoto wangu amekufa na weye unatembeza kinga?" Wanawake walinishika mikono. Mama Pudentienne aliegemeza kinga ukutani. Alinawa, akanihudumia, akamfunga yule mtoto vizuri kwa nguo safi. Halafu akawatoa wote nje, akafungua kikwembe chake, akanionyesha.

Sitaeleza sana. Ilikuwa nyama tupu, kutoka juu mpaka karibu na goti, na damu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye kisigino.

"Nilijaribu kukaa, Léa," akasema. "Nilikaa, nikaanguka na kinga. Nikakaa tena. Siwezi, mwanangu." Akaanza kulia, mwanamke mkubwa vile. "Nitaiacha hii kazi. Waniweke kwa kufua mashuka. Watafute mwembamba."

Mwembamba gani? Dispansari nzima hakuna mwingine aliyejua kumgeuza mtoto tumboni. Nilimhesabu kila mwanamke mwenye tumbo niliyemjua, kutoka kwetu mpaka Kiliba, na hasira yangu ikakosa pa kuangukia. Ikauangukia ukuta. Pale juu ilining'inia ngobyi yangu, laini, mpya, haina wa kumbeba.

Nilipopata nguvu ya kutembea niliitoa, nikamshika Mama Pudentienne mkono, nikamkokota na kinga yake mpaka kwa Rénovat.

"Mama, panda," nikamwambia. "Egemea ukuta, ukae. Weye fundi, mupime vile amekaa. Na mishono yote nne itoke hapo katikati, uweke kipande kimoja kizima. Hii hapa."

Rénovat aliipapasa ile ngozi, akajua ni nini. Hata Mfuliiru wa bondeni kama yeye anaijua ngobyi. "Aka! Mama Léa, hii haikatwi."

"Iko yangu. Leta wembe."

"Mutoto utamubeba na nini?"

"Mutoto gani?" nikamuuliza. Akainama, akapima.

Nilikata mwenyewe, katikati kabisa, mahali palipo laini kuliko pengine pote. Rénovat alikishona kile kipande kwa mkono, upande wa manyoya ukiangalia nje, na ukingo akaulaza chini usiguse mwili. Miguu ya kaputula aliirefusha mpaka karibu na goti, isipande. Nguo ilikuwa ya kaki, ndiyo pekee aliyokuwa nayo yenye nguvu. Alipotaka kutaja bei mara mbili nilimtazama tu. Akasema basi, siagi kidogo inatosha.

Mama Pudentienne alizunguka soko mara moja, akarudi, hakushuka. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hainiumi," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini ili nisikie peke yangu, "Léa, siku yako itakuja tena. Na siku hiyo nitafika nimeikalia hii."

Sikumwamini. Nyumbani nako kulikuwa na moto. Semana alikaa siku nyingi bila kunisemesha. Mama yangu alipopata habari alishuka kutoka milimani kwa miguu, akaitazama ngobyi yenye tundu, akasema, "Umejikatia tumbo lako mwenyewe." Nikampa maziwa. Alikataa maziwa yangu! Kwetu, mama akikataa maziwa ya binti yake hakuna tusi lililobaki. Alirudi zake juu njaa ikimuuma, na mimi niliikunja ngobyi nikaisukuma chini ya kitanda.

Mama Pudentienne yeye aliendelea na kazi. Kinga ilikuwa haisukumwi tena. Asubuhi Kalundu, mchana Kiliba, na vidonda vikapona vikaacha makovu. Wachuuzi wa mchele, wale wanene wenye kupanda na magunia, wakamfuata Rénovat wakitaka kaputula ya namna ile ile. Aliwashonea kwa magunia ya unga na ngozi ya mbuzi, kwa bei ambayo hata mchuuzi angeiweza. Wanaume wazima walikuwa wanasimama barazani na kusema bila haya, "Fundi, nipe pudentienne moja."

Mwaka wa sitini na nne Semana alikuwa amepata shamba la mpunga Bwegera, tukahamia huko, na nilikuwa na mimba tena. Nilimtumia Mama Pudentienne habari kwa mchuuzi mmoja, nikamtajia mwezi. Baada ya hapo vita ikaanza, tena ikaanzia hapo hapo bondeni. Waasi huku, basoda huku. Malori yakaacha kupita. Semana alipandisha ng'ombe milimani wasichukuliwe, na kabla hajarudi, uchungu ukanikamata. Nilikuwa na bibi mmoja jirani ambaye alijua kusali tu. Alisali vizuri, simlaumu. Lakini nilikuwa nimeshasaliwa mara ya kwanza pia.

Nilisema moyoni, na huyu naye basi. Nilimwogopa Mungu na nikamkasirikia kwa pamoja.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka niliposikia kengele ya kinga. Nikadhani naota. Halafu nikasikia sauti, "Mama weee, mlango uko wapi?" na Mama Pudentienne akaingia, vumbi mpaka kwenye kope, anatembea sawasawa kabisa, miguu yake haijaachana.

"Umepita wapi?" bibi akamuuliza.

"Barabarani. Kwani iko njia ingine? Mwezi ule Léa alinitajia umefika, minye sikungoja kuitwa." Huku ananawa mikono. "Kule karibu na Sange waasi walinisimamisha, kikwembe kikapanda, wakaona kaki. Wakasema, huyu ni soda wa serikali! Nikawaambia, muniangalie vizuri, serikali gani ingeweza kulisha soda kama minye? Wakacheka. Pampu yangu walichukua." Akaweka mkono kwenye tumbo langu na uso wake ukawa wa kazi. "Nyamaza sasa, Léa. Huyu amekaa vibaya. Tumugeuze."

Alimgeuza. Ilichukua muda, na nilimtukana tena, kwa lugha zote mbili. Kitovu kilikuwa shingoni, kama mara ya kwanza. Yeye alikipitisha juu ya kichwa kwa kidole kimoja, kama mtu anayevua shanga. Na mtoto akalia. Msichana. Nililia kumshinda.

Asubuhi yake nilimwambia bibi atoe kile kilicho chini ya kitanda. Mama Pudentienne aliiona ngobyi na tundu lake. Halafu akaenda nyuma ya pazia, akarudi na kaputula mkononi na wembe.

"Nitafungua mishono," akasema. "Kipande ni cha mutoto. Kimefanya kazi yake."

"Weye mama, uko na akili?" Nilikuwa nimelala lakini sauti ilikuwapo. "Ukifungua, utarudi Uvira na nini? Utasukuma kinga mbele ya waasi? Bibi ya mutu mwingine iko inakungoja sasa hivi, na mutoto wake pia. Weka wembe chini."

Aliniangalia. Halafu akaukata mguu mmoja wa kaputula, pale chini kwenye upindo, ukanda wa kaki kwa upana wa kiganja, akaukunja, akaliziba tundu nao na kuushona kwa uzi wa dispansari, ule wa kushonea wazazi. Mchana akapanda kinga yake, mguu mmoja wa kaputula mrefu na mwingine mfupi, akaenda zake.

Mama yangu alishuka vita ilipopoa. Hakunisalimu vizuri. Alimchukua mtoto, akaichukua ngobyi, na kidole chake kikatua kwenye kiraka cha kaki. Nikajiandaa kusemwa. Nikamweleza yote, ile siku ya kwanza, vidonda, Sange, kitovu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku kidole chake kikizunguka kile kiraka.

"Hapa ndipo makalio ya mutoto yanakaa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na kile kipande, yule mwanamke bado anakikalia?"

"Anakikalia mpaka leo."

Akafikiri. "Basi haukukata kitu. Ulitangulia kumubeba mukubwa."

Akamfunga mtoto mgongoni kwake, akaketi, akaniomba maziwa.