Kumvisha Momanyi: Kutoka Daraja Mbili Hadi Gesima

Nilisafiri kwa sababu ya jina. Baba yangu, Mzee Momanyi, mkulima wa chai wa Gesima, alifariki nikiwa na mimba ya miezi minane. Daktari alinikataza kusafiri, kwa hiyo sikuhudhuria maziko yake. Mtoto alipozaliwa nilimpa jina la babu yake, kama ilivyo desturi kwetu Wagusii, kwamba aliyeondoka huitwa tena nyumbani kwa mdomo wa wanaomkumbuka. Kosa langu lilikuwa la utaratibu. Nililitangaza jina hilo kwa simu, kutoka Nakuru, kabla majonzi hayajapoa. Mama yangu, Kerubo, akasema, "Jina haliletwi kwa simu kama habari ya mvua."

Tangu siku ile, kwa mwaka mmoja na miezi kumi, hakuwahi kumwita mwanangu Momanyi. Nilipompeleka akiwa mchanga alimpakata na kumwimbia, akamsifia hata masikio. Lakini alimwita "mtoto wa Nakuru". Jina la mumewe nalo hakulitamka tena, kana kwamba lilifungiwa pamoja na nguo za marehemu.

Kisha, mwezi mmoja kabla ya safari hii, alinipigia yeye mwenyewe. "Sabato ya mwisho wa mwezi watoto watawekwa wakfu kanisani. Mchungaji ataniuliza jina la huyu mbele ya watu. Mlete nimtazame. Nikimwona mume wangu ndani yake, nitamtaja. Nisipomwona, mtamtafutia jina lingine."

Mimi ni mtu wa hati. Kazi yangu chuoni ni kusoma miswada ya zamani, kulinganisha nakala na kurejesha neno lililoliwa na mchwa. Nimezoea kuamini kwamba kilichopotea hurejeshwa kwa ushahidi. Ushahidi niliokuwa nao ni picha moja ya baba akiwa kijana. Amesimama mbele ya pazia lililochorwa ziwa na mabata, mkono mmoja juu ya kiti, amevaa shati jeupe na koti jeusi la koduroi, kitambaa kile chenye mifereji midogo, lenye kola pana. Nikaamua kwamba mwanangu ataingia Gesima katika vazi hilohilo. Katika maduka ya Nakuru suti ya kitoto iliuzwa kwa bei ya mbuzi, na mbuzi sikuwa naye. Nikakata shauri kupitia soko la mitumba la Kisii.

Jumatano asubuhi tuliondoka Nakuru, mtoto mapajani, picha ndani ya kitabu ili isikunjike. Baada ya Kericho mashamba ya chai yalianza kushuka na kupanda pande zote mbili, kijani juu ya kijani, na ukungu ukikaa mabondeni kama maziwa katika bakuli. Momanyi alilala kinywa wazi. Nami, kati ya macho na usingizi, niliwaona wachuma chai wakielea hadi kiunoni katika majani, na kila mmoja, kwa umbali ule, angeweza kuwa baba.

Alasiri tuliingia Kisii pamoja na mvua. Mvua ya Kisii haiulizi. Hufika saa zake kama mwenye nyumba. Tulipanga chumba karibu na msikiti, tukasikiliza maji yakipiga mabati hadi mtoto akaanza kuyaitikia kwa lugha yake.

Alhamisi, saa moja asubuhi, tulikuwa katika soko la Daraja Mbili. Ilikuwa siku ya soko, na vibanda vya mitumba vilikuwa vimekwisha kujaa rangi. Nguo zilizotundikwa juu zilitikiswa na upepo wa asubuhi, mikono mitupu ikipunga, miguu mitupu ikitembea hewani. Nilihisi nimeingia katika mji wa watu wasioonekana, wote wakiwa na umri wa miaka miwili. Nilielekezwa kwa Mama Zuhura, mwanamke Mwislamu wa makamo aliyezaliwa mjini humo, mwenye kuuza nguo za watoto tu. Alikuwa amekaa juu ya beli, robota la nguo ambalo halijafunguliwa, akinywa chai, akiwatania wateja wa Kigusii kwa Ekegusii na wa mbali kwa Kiswahili.

Nilimweleza haja yangu, nikampa picha. Aliitazama, akamtazama mtoto, akairudisha.

"Mwalimu, huyu mtoto si sanduku. Mbona unataka kumpima kwa picha?"

"Nataka koti kama hili."

"Koti nitakupa. Lakini mtoto wa huu umri hufai kumvalisha kama karani wa benki. Atachuchumaa namna gani?"

Alifanya kazi kwa mpangilio ambao msomi yeyote angeuheshimu. Kila vazi aliligeuza nje ndani kabla ya kulisifu. Aliangalia kwapa, ambapo mshono hukata tamaa kwanza. Akaangalia magoti na viwiko. Akavuta mpira wa kiuno, akaunusa hata mfuko. Vifungo alivijaribu kwa meno. "Kikitoka hapa, kitaingia tumboni," alisema. Suruali aliitaka ndefu kidogo, ikunjwe sasa na kukunjuliwa baada ya miezi minne, kwani mtoto, alisema, hukua wakati unapofua.

"Na urembo?" nikamwuliza.

"Urembo ni kitu kimoja kizungumze, vingine vinyamaze. Watu wananunua shati ya maua, suruali ya mistari, kofia ya simba. Mtoto anakuwa kama matangazo ya ukutani. Chagua msemaji mmoja."

Msemaji wetu alikuwa koti. Alilitoa chini kabisa ya rundo la kamera, kama wanavyoziita nguo zilizo bora katika beli: koduroi, rangi ya kahawia iliyoiva hadi kukaribia weusi, kola pana. Lilikuwa kubwa mabegani, lakini kola ilikuwa ile ya pichani. Tukaliongezea wanyamavu wake, yaani shati jeupe laini na suruali ya kijivu. Gharama zote pamoja hazikufika hata mguu mmoja wa yule mbuzi wa Nakuru.

Momanyi, wakati huo, alikuwa amejichagulia msemaji wake. Katika fagia, rundo la mwisho la mabaki linalouzwa kwa bei ya kutupa, alikuwa ameketi kitako akijaribu kuvaa gambuti mbili za kijani, buti za mpira, ndefu kupita kiasi, moja katika mguu usio wake.

"Hizo hazimo katika picha," nilisema, nikamvua, nikamrudishia viatu vyake vya ngozi. Alipiga ukelele uliogeuza vichwa vya soko zima.

"Haya basi, mpe!" Mama Zuhura alicheka hadi ushungi ukamteleza. "Hii viatu chukua bure. Unaenda Gesima na mvua hii, halafu unataka atembee na viatu vya ngozi? Mwalimu umesoma, lakini matope hayajasoma."

Jioni hiyo tulifika Nyaramba kwa mdogo wangu Moraa, fundi wa kushona mwenye cherehani ya miguu kwenye baraza la duka la unga. Alikuwa na pini mdomoni nilipomweleza kazi: apunguze mabega, afupishe mikono. Alilipindua koti kwa muda mrefu.

"Dada, mimi sikuwahi kumwona baba na koti kama hili."

"Ulikuwa hujazaliwa. Picha ndiyo hii."

"Picha naiona. Baba ndiye simwoni." Akatema pini kiganjani. "Lakini wewe ndiye profesa. Nishone?"

"Shona."

Akashona. Cherehani iliimba wimbo wake wa sauti moja, mvua nje ikaupokea, na mtoto akalala juu ya vipande vya vitambaa kama aliyezaliwa humo. Koti lilipokamilika lilikuwa zuri hata nikalipitishia kidole kutafuta alipopunguza. Moraa alikuwa ameficha mshono mpya ndani ya mfereji wa kitambaa, usionekane.

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, tulishukia barabarani Gesima. Nyumbani kwetu, kabla ya jua la Ijumaa kuzama, kila kitu huwa tayari kwa Sabato: maji yamechotwa, kuni zimepangwa, chakula kimepikwa, viatu vimepakwa rangi. Nilitaka tufike kabla ya saa hiyo, mama angali na mwanga wa kutazama. Lakini kutoka barabarani hadi boma letu ni mteremko kati ya chai na migomba, na njia ilikuwa tope jekundu tupu. Nilimbadilisha mtoto chini ya mgomba, shati, suruali, koti. Viatu vya ngozi nikavirudisha mfukoni, kwa uchungu, nikamvisha gambuti. Zilimfika juu ya magoti, akawa hawezi kukunja mguu. Basi nikazikunja midomo kwa nje, mara moja, hadi bitana nyeupe ikaonekana kama pete kuzunguka kila mguu. Sikufikiri. Mikono ilifanya, mimi nikiwa nawaza kola.

Tulimkuta mama uani, karibu na jiko, akifunika sufuria kwa jani la mgomba. Alisalimia, nikaitikia. Maneno yake yalikuwa ya Ekegusii. Hapa ninayaleta kwa Kiswahili. Nilimsimamisha mtoto mbele yake, nikanyoosha kola, nikatoa picha na kuiweka kando yake ili alinganishe, kama ninavyoweka nakala mbili mezani.

Mama aliiona picha, akaanza kucheka taratibu, bila sauti, kama mtu anayekumbuka mambo ya mbali.

"Koti hilo lilikuwa la mpiga picha wa Keroka. Lilikuwa likining'inia kwenye msumari mlangoni. Siku hiyo vijana wa Gesima walipanga mstari, mmoja anavua, mwingine anavaa. Baba yako lilimbana. Tazama alivyouzuia mkono. Hata shati lilikuwa na kola tu, mgongo haukuwapo."

Niliitazama picha niliyoichunguza kwa wiki nne. Mkono juu ya kiti, ambao nilikuwa nimeuona kuwa wa heshima, ulikuwa mkono usioweza kuinuka.

"Kwa hiyo humwoni," nilisema.

Macho yake yalikuwa yamemfuata mtoto. Alikuwa ameshamwacha kila mtu, anavuka ua kuelekea kwenye chai, mikono nyuma, akinyanyua miguu juu sana kwa uzito wa gambuti, na kuitua kwa kishindo. Pete mbili nyeupe zilipanda na kushuka katika mwanga wa jioni. Ukungu ulikuwa unaanza kupanda kutoka mtoni, na kwa umbali ule hakuwa na umri.

Mama aliacha kucheka. "Nani amekunja hizo?"

"Mimi. Zilikuwa ndefu."

"Nani alikufundisha kukunja hivyo?"

Nilitaka kusema hakuna. Kisha nikauona mlango wa jikoni wa utotoni mwangu, na kando yake gambuti za kijani za baba, zimekunjwa midomo, bitana nje, zikikauka. Alizikunja kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma. Hata Sabato alitembea nazo hadi lango la kanisa, viatu vya ngozi vikiwa ndani ya gazeti kwapani. Nilikuwa nimezipita mara elfu bila kuziandika popote.

Mama alisimama. Aliifunua sufuria aliyokuwa amekwisha kuifunika, akamimina chai katika kikombe cha bati, akaita kwa sauti ya kugomba, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba alipokuwa hai:

"Momanyi! Umechelewa tena. Njoo, chai inapoa."

Mtoto aligeuka. Jua lilikuwa limebaki upana wa kidole juu ya kilima.

Jumamosi, kanisani, mchungaji alipouliza jina, mama alilisema mara mbili, ya pili kwa wale wa nyuma. Momanyi alikuwa na koti mabegani na gambuti miguuni, kwa amri ya bibi yake, aliyekataa katakata viatu vya ngozi visogee karibu. Baada ya ibada akina mama watatu waliniomba koti, kwa dakika moja tu, watoto wao wapigwe picha kwa simu. Waliwapanga mstari ukutani. Mmoja akivua, mwingine akivaa.

"Mwone mpiga picha wa Keroka," mama alininong'oneza, akinionyesha mwenye simu.

Jumapili tulirudi Nakuru. Koti nililiacha Nyaramba, kwenye msumari wa baraza la Moraa, liazimwe na yeyote mwenye mtoto na sikukuu. Njiani chai ilipita tena dirishani, na safari hii wachuma chai niliwatazama miguu. Nimejifunza kwamba nguo ya mtumba huja bila mwenyewe, na hupata mwenyewe kwa namna mtu anavyoikunja. Nimejifunza pia, kwa kuchelewa, kwamba ushahidi niliokuwa nikiutafuta katika picha ulikuwa umehifadhiwa vidoleni mwangu.

Gambuti sasa zinakaa mlangoni kwetu. Miezi michache ijayo zitamtosha bila kukunjwa, lakini nadhani nitazikunja. Simu ya Gesima huja kila Ijumaa kabla jua halijazama. Zamani mama aliniuliza hali yangu kwanza. Siku hizi hana nafasi hiyo.

"Ondoka hapo," huniambia. "Nipe mume wangu."