Aliyenishikia Ngazi

Mimi si mtu wa kuona mambo. Nasema hivyo mapema ili usinihesabu pamoja na wale wanaoota wakiwa macho. Kazi yangu ni kutunza wazee hapa Buffalo, Marekani, nimekaa na wengi wakikata roho, na sijawahi kukimbia. Hili lilinitokea mchana, saa tisa alasiri, Jumamosi moja ya Novemba, nyumbani kwangu Riverside.

Nilitaka kusafisha gata, ile mifereji ya maji ukingoni mwa paa, kabla ya theluji. Majira ya baridi yaliyotangulia zilijaa majani, maji yakakosa njia, yakaganda ukingoni mwa paa, na barafu ilipoyeyuka ikapenya ndani ikaangusha kipande cha dari. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu, na wiki ile hakuwepo. Kwa hiyo nilimwomba Baba Riziki, Mkongo tunayesali naye, aje anishikie ngazi. Huyu ndiye aliyetupokea tulipotoka Kenya. Ndiye aliyenifundisha kuendesha gari kwenye barafu. Ningemwachia ufunguo wa nyumba bila kufikiri mara mbili.

Saa tisa nikamwona anatokea kando ya nyumba, koti lake la kahawia, kofia ya sufu. Hakunisalimu. Wewe unawajua Wakongo, salamu zao huanza kwako zikaishia kwa shangazi yako. Nikadhani ni uchovu wa shifti. Akashika ngazi, nikapanda.

Nilichota majani yaliyooza kwa mwiko wa bustani, nikayatia kwenye ndoo. Ngazi ilitulia kabisa, hata nilipoinama pembeni. Kila nilipomaliza sehemu, alisema neno lile lile:

"Bon, mama. Tusogeze ngazi kule ku kona."

"Tutafika. Nimalize hapa kwanza."

"Kule ku kona, mama."

Ndipo simu ikaita mfukoni. Nikavua glavu, nikatazama jina. Baba Riziki.

Niambie, wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri ameibonyeza simu yake bila kujua. Nikapokea ili nimcheke.

"Mama, unisamehe," akasema, na nyuma yake nikasikia kelele za watu dukani. "Ningali ku Grant Street, nanunua unga ya muhogo. Minakuya sasa hivi. Donc, usipande bila mimi."

Chini yangu, sauti ile ile ikauliza, "Nani huyo?"

Sikutazama chini. Niamini, haukuwa ujasiri. Shingo ilikataa kugeuka. Paa la kibaraza lilikuwa mkono wangu wa kushoto. Nikaweka goti, nikavuka kutoka ngazini, nikajivuta hadi ukutani, nikakaa. Nikasikia ngazi inainuliwa. Ilikwenda polepole, ikikwaruza mbao za ukuta, mpaka kona. Kisha kimya.

Baada ya kama nusu saa gari la Baba Riziki likaingia. Akashuka, akaanza kunisalimu kutoka mlangoni mwa gari, akiulizia mume, akiulizia kazi, huku anaiendea ngazi ili aniteremshe. Hapo nikaona kitu ambacho sikukiona nilipokuwa chini. Pale kona, waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo ulikuwa umechunika ganda, na ngazi yetu ya alumini ilikuwa imeuegemea.

"Usiguse! Baba Riziki, usiguse!"

Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Mkono wake ulibakia hewani.

Mafundi wa umeme walikuja jioni. Walikata umeme kwanza, wakaniteremsha, wakautazama waya, wakaniuliza ni nani aliyeiweka ngazi pale. Nikasema sijui. Na sijui mpaka leo.

Baba Riziki nilimweleza yote. Hakucheka. Aliniombea, akaenda kwake. Lakini tangu siku ile, akisimama nyuma yangu kanisani na kuanza kuimba, mgongo wangu unakuwa baridi. Akipiga simu, ninampa mume wangu aipokee. Juzi alinisimamisha mlangoni baada ya ibada.

"Mama, nilikukoseya nini?"

Hajanikosea kitu. Karibu afe kwa ajili yangu, na mimi siwezi kuketi naye meza moja. Kile kitu hakikunipata mimi, wala hakikumpata yeye, lakini kilivaa sura ya mtu niliyempenda kama kaka, na sura hiyo sijaweza kumrudishia.

Basi wewe unayepanga kusafisha gata kabla ya baridi, kagua waya kabla hujasimamisha ngazi. Halafu mtazame usoni aliyekuja kukusaidia. Muulize habari za watoto wake, mmoja mmoja, kwa majina. Akijibu, panda. Akinyamaza, yaache majani yaoze huko huko juu.