Posa kwa Bibi wa Hiroshima

Dada yangu mkubwa amenichosha. Nalisema mapema, msije mkanilaumu kwa ukali wa maneno yangu.

Mwanangu alipotuambia amepata mchumba, msichana wa hapa hapa Landani ambaye bibi yake ni Mjapani, dada alifurahi siku mbili tatu. Kisha akaanza kuulizia. Kwetu Unguja, hata ukihama ukazeekea ughaibuni, mtu haoi mpaka ukoo wa upande wa pili uulizwe. Wana kifafa? Wana wazimu? Basi akamwita mwanangu nyumbani kwake, nyuma ya Edgware Road, akambana mpaka kijana wa watu akasema alilolijua: bibi yule alizaliwa Hiroshima, na bomu lilimkuta huko akiwa mtoto mdogo.

Ikawa balaa. "Watatuzalia nini hao?" akanipigia simu. "Sumu ile haitoki mwilini, mdogo wangu. Inarithiwa!"

Nikamwambia madaktari wamewafuatilia watoto wa watu wale miaka na miaka, na maradhi ya kurithi waliyoyahofia hawajayaona. Akasema madaktari wanaficha. Mwanamke huyu sukari inampanda kila kukicha, mama yetu ilimpofusha, wajomba iliwamaliza, lakini wa kuulizwa ukoo ni wenzetu. Nyani haoni kundule! Mwanangu, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, aliniambia jambo moja tu: kama mama mkubwa atamdhalilisha mchumba wake, ataoa bila sisi. Na mimi sina mtoto mwingine.

Jumamosi tukaenda kuposa, Ealing, nyumbani kwa yule bibi; mwanangu na mchumba wake walikwisha kutangulia. Ndani ya treni dada akanishika mkono. "Usile kitu pale. Hata maji usinywe."

Nikamuuliza kama anadhani nyumba ile imejengwa kwa mabaki ya bomu. Akatazama dirishani. Kwetu, kwenda kuposa ukaiacha chai ya watu ni kusema hutaki, na yeye alilijua hilo kuliko mimi.

Bibi alitupokea mwenyewe, mwembamba, mgongo umepinda, Kiingereza chake kizuri kuliko chetu sote wawili. Akatumiminia chai ya kijani katika vikombe visivyo na mkono. Mimi nikanywa. Dada akauweka sawa mtandio wake, na hata salamu hazijapoa, akauliza: "Bibi, niwie radhi. Lile bomu lilikuachia maradhi gani? Na wajukuu je?"

Nilitamani sakafu inimeze. Mwanangu alikuwa keshainuka nusu kutoka kwenye kiti, yule msichana akamvuta shati. Bibi akalitua birika mezani taratibu.

"Jicho moja halioni vizuri," akasema, "na nina hili." Akaifunua shingo, tukaliona kovu. "Mama yangu na dada yangu walikufa wiki ile. Nilipokua, watu walikuja kuniposa, si mara moja. Mimi hawakuniuliza kitu. Waliwauliza majirani. Nikawaandalia chai, hawakuigusa, wakaondoka kwa adabu zote na hawakurudi. Nikaja huku ambako hakuna aliyejua. Binti yangu sikumwambia mpaka alipokwisha kuolewa. Wewe ni mtu wa kwanza kuniuliza mimi mwenyewe."

Macho yake yalikuwa kwenye kikombe cha dada, kilichojaa vile vile kama kilivyowekwa.

Hasira niliyokuwa nayo pale sijui hata niieleze vipi. Nilimkasirikia dada, nikawakasirikia na wale waposaji wa zamani walioiacha chai. Walioliangusha bomu hakuna aliyepita mitaani kuwaulizia ukoo wao. Anayeulizwa, mpaka leo, mpaka Ealing, ni aliyeangukiwa. Nilimkanyaga dada mguu chini ya meza, na sikumkanyaga kwa upole.

Dada hanywi chai bila sukari ya kujaza kijiko, kisukari au si kisukari. Akakinyanyua kile kikombe kwa mikono miwili. Chai ilikwisha kupoa na ilikuwa chungu. Niliuona uso wake ukikunjamana kama wa mtoto anayenyweshwa dawa. Akaendelea kunywa.

Bibi hakumtazama usoni. Alikitazama kikombe mpaka kikaisha, kisha akamwongeza mpaka chai nyingine ikamwagika mezani.