Kula au Kura

Usinitazame hivyo. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu zote na soda mkononi. Asiyetaka kuamini aendelee na shughuli zake.

Nimekulia Mombasa, lakini mume wangu, dereva wa lori, alinihamishia Mbale, ng'ambo ya mpaka, nikawa nauza mitumba. Miaka ile ya tisini watu wa soko na wa kanisa waliamua kufufua mchezo wa zamani wa kuimba, Harusi Bila Pilau. Ulikuwa umetungwa na wafanyakazi wa viwanda vya Jinja: wageni wanangoja chakula harusini hadi jioni, kumbe wakubwa wameshakimaliza chote jikoni. Mwishoni wageni wanaimba, "Tunataka kula!"

Sasa, kule wengi huchanganya r na l. Siku moja enzi ya utawala wa jeshi, mwimbaji mkuu aliimba mbele ya maafande, "Tunataka kura!" Kura, wakati ule! Alichukuliwa palepale jukwaani, hakuonekana tena. Watu walimhurumia, halafu, si unajua binadamu, wakaanza kumcheka: mwanamke aliyeuawa na ulimi wake.

Bintiye, Nambozo, alilelewa na shangazi zake kule mlimani Wanale, na ndiye aliyeongoza kikundi chetu. Alinifuata kibandani.

"Dada, wewe iko na Kiswahili safi. Fundisha hawa watu. Mama yangu alikosea herufi moja tu. Sitaki yeye achekwe tena."

Basi nikawafundisha, nikawachosha. La, jamani, siyo ra! Wakaweza. Tukasafiri kwenda Jinja kuuonyesha katika ukumbi uleule alimochukuliwa mama yake. Wenzangu walipokwenda kutafuta chakula, nilifunga mlango kwa komeo, nikajaribu sauti ya ukumbi. Niliita, "Kula!" Ukuta ukanirudishia.

"Siyo hiyo," mtu akasema.

Mwanamke mwenye gomesi ya kijani, lile gauni refu la kina mama wa kule, alikuwa ameketi benchi la mbele. Mkono mmoja wa gomesi ulikuwa na alama ya kuungua kwa pasi. Nikamwamkia, nikidhani ni mtunza ukumbi.

"Siku ile nilikuwa nimeshiba mihogo na samaki," akasema kwa utulivu. "Nile nini tena? Nilisema kura."

"Lakini mama, huku si mnachanganya..."

Akacheka. "Baba yangu alikuwa sajini. Nimezaliwa kambini, nimekulia kambini, na lugha ya jeshi ni Kiswahili. Ra na la nilizijua kabla sijajua kutembea. Mwambie mtoto wangu sikukosea."

Kisha akauimba ule mstari, ra yake safi kuliko yangu. Niamini, hapo ndipo mwili uliponisisimka: ukumbi uliorudisha kila neno langu haukurudisha lake hata moja. Niliinama kuweka soda chini. Nilipoinuka, benchi lilikuwa tupu, na komeo lilikuwa vilevile nilivyolifunga.

Ungekuwa wewe ungenyamaza? Mimi nilimwambia Nambozo nyuma ya pazia, nikitegemea atafurahi. Nilipofika kwenye alama ya pasi, aliketi sakafuni.

"Mimi ndiye niliunguza," akasema. "Nilikuwa mdogo, nataka kumsaidia."

Nikamwambia na yale mengine.

"Basi alijua. Alijua watamchukua, na mimi aliniacha nyumbani na homa. Dada, miaka yote najiambia ilikuwa kosa. Mtu akikosea, hajakuacha."

Jioni ile aliuimba mstari huo yeye mwenyewe, "Tunataka kura," ra imesimama wazi. Watu wote wakasimama wakapiga makofi. Tangu hapo mchezo huimbwa hivyo, Jinja na Mbale, na hakuna tena anayemcheka mama yake. Nilifurahi, siwezi kukataa. Lakini Nambozo hapiti tena kibandani kwangu. Tukikutana sokoni ananiamkia vizuri, anawaulizia watoto, halafu anashusha macho.

Nimerudi Jinja mara kadhaa, nikaketi kwenye benchi lile mchana kutwa. Yule mama haji. Kazi yake kwangu imekwisha.

Kwa hiyo nakuonya. Ukumbi ule bado upo, na huenda siku moja ukaketi ndani yake peke yako. Mwenye gomesi ya kijani akikutokea na kukupa ujumbe, usikubali kuubeba kabla hujamwuliza: na yule mtoto mwenye homa, nimwambie nini?