Chakula cha Waamuzi

Tulipohamia kijiji cha ujamaa pale Kirushya, miaka michache kabla ya vita vya Kagera, viwanja viligawiwa kwa wakuu wa kaya. Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kufariki. Mimi ndiye mkubwa. Niliachia shule darasa la tano ili nilime, na nyuma yangu walikuwepo wadogo watatu. Baba mdogo, kwa huruma kabisa, alitaka kutugawanya: mmoja kwake, mmoja kwa shangazi kule Murukulazo, kitindamimba kwa mjomba huko Nyarubungo. Mimi nilitaka tulale sote chini ya paa moja.

Viongozi wa kijiji wakasema wazee waamue kama naweza kuhesabiwa mkuu wa kaya. Kwetu Wahangaza, wazee waamuzi huitwa bashingantahe. Hakuna anayejiteua. Waliomo ndio humwingiza mwingine, baada ya kumchunguza sana na kunywa pombe yake. Akila rushwa, humtoa. Kikwazo changu kilikuwa kimoja: sikuwa na mke, na kapera hakusimama mbele yao kama mwenye nyumba.

Siku ya shauri, padri wetu, mtu wa Ayalandi, alipita kutusalimu, akakaribishwa kigoda. Msemaji wa wazee akamchokoza.

“Padri, kwenu nako kuna waamuzi, au mnapigana tu?”

“Tunapigana, mzee, na mawakili tunao.”

Baba yake alikuwa wakili. Akatueleza kwamba huko mawakili wana vyama vyao, vya zamani mno: kimoja cha wanaoandika hati na kushauri watu ofisini, kingine cha wanaosimama kutetea mahakamani. Vyama hivyo hufundisha wanaoingia, na anayevunja miiko huitwa ajieleze mbele ya wenzake.

“Na huyo wa kusimama mahakamani, anaingiaje?”

“Anasoma sheria, anafanya mtihani. Halafu sharti ale chakula cha jioni na wakubwa zake katika nyumba ya chama, tena mara nyingi.”

“Kula tu?”

“Na kunywa kidogo.”

Wazee walicheka mpaka mmoja akaangusha fimbo yake. “Kumbe ni ndugu zetu hawa.”

“Na asiye na mke?” msemaji akauliza, akinitazama.

“Wanaangalia kama amekula na wenzake. Mambo ya mke hawaulizi.”

Mzee akanigeukia. “Kijana, kwako kunapikwa?”

“Kila siku, mzee.”

“Maharage matupu,” baba mdogo akasema.

“Hata maharage hayajiivishi,” msemaji akamjibu. “Jumapili ya pili tutakula kwake. Tukikuta nyumba, tutaona. Tukikuta watoto tu, tutaona pia.”

Nilikamua ndizi za pombe mwenyewe. Dada yangu alipika ndizi na maharage, akaomba samli kwa jirani. Kitindamimba aliwanawisha wageni, akamlowanisha msemaji mpaka kwenye kiwiko. Mzee akamwambia, “Mjukuu wangu, mimi nilishaoga,” kisha akamkalisha kando yake. Wakala mpaka chungu kikabaki na ukoko tu.

Kwetu mgeni haondoki bila kumwomba mwenye nyumba njia, na mtoto haombwi njia. Mtu mzima pekee wa ukoo wetu pale alikuwa baba mdogo; kama mimi ni mtoto, yeye ndiye wa kuombwa. Wazee wakainuka, wakimtazama yeye. Akapangusa midomo taratibu, akasimama, akanielekea mimi.

“Mwenye nyumba, tunaomba njia.”

Jikoni dada yangu alishindwa kuzuia kicheko. Nami nikajibu kama nilivyozoea kumsikia marehemu baba akiwajibu wageni wake: njia ipo, ila mtungi bado una kitu.

Wakaketi tena.