Akaunti Tano za Kuungisha

Nimewahi kunyimwa vitu vingi kwa sababu zinazoeleweka. Nilinyimwa uhamisho kwa sababu sikuwa na mtu wizarani, na nilinyimwa mchumba wa kwanza kwa sababu mama yake alinitazama miguu akaona haifai kwa kulima. Lakini kunyimwa kadi ya mkopo kwa sababu mabenki yananipenda kupita kiasi, hilo lilinitaka kwanza nisome hadi chuo kikuu, nifundishe jiografia kwa zaidi ya miaka ishirini, na niwe mkazi wa Masasi mwenye adabu.

Nilichokuwa nakitaka ni tangi la maji. Mama yangu anaishi Kitangari, kwenye uwanda wa juu kabisa, mahali ambapo mvua hunyesha kwa ukarimu mkubwa na kisha maji yote huteremka bondeni kana kwamba yameitwa na mtu. Bomba la kijiji lipo, nalo limepakwa rangi nzuri ya buluu; hutoa maji siku za wageni. Siku nyingine Mama hununua kwa vijana wa pikipiki wanaopandisha madumu kutoka bondeni na kuyauza kwa bei inayopanda kadiri jua linavyopanda. Yeye ameshavuka miaka sabini na goti lake moja limekataa kukunjwa, kwa hiyo hana namna ya kuwakwepa.

Mwaka huo nilikopa kazini, nikamwekea mabati mapya, mifereji ya kukingia mvua, na jukwaa la zege la kukalia tangi. Mkopo uliishia kwenye zege. Lililobaki ni tangi lenyewe, jeusi, la lita elfu tano, ambalo mtu wa mshahara wangu angeweza kulilipia kwa awamu tu. Mshahara ulikuwa umeshakatwa hadi pale ambapo sheria hairuhusu tena kukata. Zamu yangu kwenye upatu wa walimu ilikuwa imepita. Korosho za Mama zilikuwa ghalani zikisubiri mnada, mnada ukiwasubiri wanunuzi, na wanunuzi wakisubiri, nadhani, tuchoke. Mvua peke yake ndiyo haikuwa na tabia ya kusubiri. Ikianza Novemba inajaza matangi ya walio nayo, na asiye nalo hununua madumu hadi Novemba nyingine.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, mzee mwenye kanzu safi na moyo uliokwisha kuchakazwa na wadeni, alinisikiliza hadi mwisho kisha akacheka kwa upole.

"Mama, hapa kwangu kukopesha nimeacha. Walimu mmeniua. Lakini leta kadi ya mkopo ya benki. Naipitisha kwenye mashine, mimi napata changu leo, wewe utalipana nao hukohuko, kidogo kidogo."

Nilitoka dukani nikiwa na furaha ya mtu aliyeonyeshwa mlango. Sikujua kwamba mlango huo nilikuwa nimeurundikia vitu vya kuuziba kwa nyuma mwaka mzima.

Hapa sina budi kueleza neno moja. Muuza nyanya wa sokoni kwetu hasemi "nunua". Husema "niungishe", yaani niunge mkono katika biashara yangu. Maana yake halisi, kwa mtu wa umri wangu, ni kununua kitu usichokihitaji kutoka kwa mtu usiyeweza kumkatalia. Mimi nimefundisha nusu ya mji huu. Idadi ya watu nisioweza kuwakatalia ni kubwa, na sehemu yao nzuri imeajiriwa na mabenki kwa mikataba mifupi, ikavishwa fulana zenye rangi za kuumiza macho, na kutumwa mitaani kuwatafuta wateja wapya.

Wa kwanza alinisubiri kwenye geti la shule.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba. Umenenepa."

"Ni fulana, Madamu. Madamu, niungishe."

"Nikuungishe nini? Mikono mitupu."

"Akaunti."

"Ninayo akaunti."

"Ile ni ya mshahara, hiyo ni ya serikali. Hii itakuwa ya kwako mwenyewe. Dakika tano tu. Nina tageti, Madamu, nisipofikisha Ijumaa mkataba hawaniongezi."

Mtoto huyu nilimfundisha kusoma ramani. Nilitoa kitambulisho.

Wa pili alikuwa binti wa mama yangu wa ubatizo. Kanisani kwetu mchungaji alimpa nafasi kwenye matangazo, baada ya ndoa zinazotarajiwa na kabla ya mazoezi ya kwaya, na binti akaeleza faida za kuweka akiba kwa sauti ambayo mahubiri ya siku ile yalikuwa yameikosa. Alipomaliza alishuka moja kwa moja hadi kwenye benchi langu. Watu walikuwa wanatazama. Mtu hawezi kusema hapana kanisani na kisha kwenda kupokea meza ya Bwana.

Wa tatu alikuwa mtoto wa dada yangu, aliyepiga hema Newala msimu wa mnada, akigawa kofia kwa wakulima. Mama yake alinipigia simu siku moja kabla. "Nasikia kesho unapanda Newala. Usimwaibishe mtoto," akasema, na akakata.

Wa nne alinikuta msibani Mkomaindo, tumetoka makaburini, vumbi bado liko viatuni. Aliniinamia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Madamu, poleni sana na msiba."

"Tumeshapoa, mwanangu."

"Mungu awape nguvu. Madamu, kitambulisho cha taifa unacho hapo kwenye pochi?"

Na wa tano nilikuwa nimempa F mara mbili mfululizo. Ningewezaje kumfelisha mara ya tatu?

Katika kila akaunti, kila moja ya benki yake, kulikuwa na kisanduku kidogo cha mkopo wa simu, ambacho vijana walikitia tiki wao wenyewe kwa sababu kwenye tageti zao huhesabiwa mara mbili. Sikukopa hata senti moja. Niliweka kiasi cha kufungulia, makato ya mwezi yakakila taratibu, na nikajihesabu kuwa mwanamke aliyeisaidia jamii yake. Nilipata pia kofia mbili na mwavuli.

Basi niliingia tawi la benki pale Masasi kuomba kadi nikiwa na uhakika wa mtu mwenye marafiki. Na kwa kweli, nyuma ya meza ya mikopo alikaa yuleyule wa getini, mkataba wake umeongezwa, fulana imekuwa shati na tai. Aliinuka, akanipa shikamoo inayosikika hadi kwenye foleni, akanivutia kiti. Nilijaza vinavyojazwa. Alinihakikishia kwamba kwa mtumishi wa umma kama mimi ni suala la siku chache tu. Siku chache zilipopita aliniita, na safari hii shikamoo ilikuwa ndogo.

"Madamu, mfumo umekataa."

Katika nchi yetu mfumo ni kiumbe. Hulala, huamka, hukwama, huwa chini kama mgonjwa, na haujawahi kuonwa na mtu. Nilimuuliza mfumo umekataa nini hasa.

"Umekuona una akaunti mpya tano ndani ya mwaka mmoja. Zote na huduma ya mkopo. Kwa kadi, mwisho ni mbili."

"Kwani humo mimi nimekopa?"

"Hujakopa, Madamu. Rekodi yako safi kabisa, mpaka inapendeza. Tatizo ni kufungua. Mtu anayefungua fungua hivyo kwa haraka, mfumo unasoma kwamba ana hali mbaya. Anahangaika. Leo huku, kesho kule, kama mtu anayejiandaa kukopa kila mahali halafu azime simu."

"Moja umenifungulia wewe."

Aliangalia kalamu yake. "Ndiyo. Na hiyo nayo imehesabiwa."

"Ulisema nikuungishe."

"Nilisema, Madamu. Lakini kwenye mfumo hakuna sehemu ya kuandika kuungisha."

Sijawahi kusikia tofauti kati ya Masasi na makao makuu ya benki ikielezwa kwa ufupi kama huo. Huko juu, mtu anayefungua akaunti tano ni mtu mwenye njaa. Huku chini ni mtu anayeitikia salamu. Nilimuuliza kama naweza kuzifunga zile nne, nibaki na yake. Akasema hapana, kwa kuwa mfumo hauangalii zilizopo, unaangalia zilizofunguliwa. Nikizifunga, zitabaki vilevile na juu yake itaonekana kwamba nimezifunga. Nilimuuliza basi nifanye nini.

"Ni kutulia tu, Madamu. Usifungue kitu chochote mpaka mwaka uishe. Wewe kaa kimya, mfumo utakusahau."

"Na mvua je? Nayo itakaa kimya?"

Hapo kwa kweli alionekana kuumia, maana bibi yake naye yuko juu, Mnyambe, na anayajua madumu. Kisha nuru ikamrudia usoni, akasogeza kiti karibu.

"Lakini Madamu, kuna kitu kipya. Akaunti ya malengo. Unaweka kidogo kidogo, mwakani unanunua tangi taslimu, huna deni na mtu. Nikufungulie?"

Nilimtazama. Hakuwa anatania. Alikuwa na tageti.

"Hiyo itakuwa ya sita," nikamwambia.

"Ah." Akarudisha kiti nyuma. "Kweli. Basi tuiache kwanza."

Jumamosi nilipanda Kitangari kumweleza Mama. Nilikuwa nimejipanga kueleza kwa utaratibu, kama ninavyofundisha mzunguko wa maji: kwanza benki, kisha taarifa za wakopaji zinavyokusanywa mahali pamoja, kisha kikomo cha akaunti mpya. Alinisikiliza huku akimenya muhogo, goti lake limenyooshwa mbele kama la mtu mwingine.

"Ngoja," akasema. "Wamekunyima kwa sababu una akaunti nyingi."

"Ndiyo, Mama."

"Na ungekuwa huna hata moja?"

"Wangeninyima kwa sababu hawanijui."

"Na hizo ulizonazo, si waliziomba wenyewe?"

"Wenyewe."

Aliendelea kumenya. "Mimi siku zote nilijua mtu aliyesoma atanidanganya siku moja," akasema. "Nilidhani utadanganya kitu cha maana zaidi. Mwanangu, kama hela huna, sema huna."

Hili liliniuma kuliko kunyimwa na yule kijana wa tai. Shahada yangu yote haikutosha kumthibitishia mama yangu kwamba upuuzi ule ulikuwa wa kweli. Nilianza upya, nikatumia mfano wa korosho, nikamtajia vijana mmoja mmoja na mama zao, kwa kuwa mama zao anawafahamu. Nilipofika kwa yule wa msibani, Mama alicheka hadi akaweka kisu chini.

"Na ulimpa kitambulisho? Kaburini?"

"Tulikuwa tumeshatoka kaburini."

"Haya. Sasa nimekuamini. Huo ujinga ni wa kwako kweli, wa kutunga usingeweza."

Mvua ya kwanza ilitukuta hapohapo, mchana, bila ngurumo za kutosha. Mabati mapya yalipiga kelele, mifereji ikafanya kazi yake bila kasoro hata moja, na bomba la kushushia maji likamwaga mto mzima juu ya jukwaa la zege lililokuwa halina kitu. Nilitoka mbio na ndoo. Mama akanirushia sufuria kutoka mlangoni. Tulipanga pale beseni, dumu lililokatwa shingo, hata chungu cha kupikia ugali, na vyote vilijaa kabla sijapata kurudi na kingine. Zege lilikuwa limesawazishwa vizuri sana. Maji yalitiririka juu yake, yakafika ukingoni, yakashika njia ya bondeni. Kesho yake vijana wangeyapandisha kwa pikipiki na kutuuzia.

Mshahara ulipoingia nilikwenda kwa yule mzee wa kanzu na kununua taslimu kile kilichowezekana: tangi la lita elfu moja. Alinipunguzia kidogo na kunizawadia koki. Hakuuliza habari za kadi, nami nilimshukuru kwa hilo. Tangi lilipowekwa juu ya jukwaa lililojengwa kwa ajili ya lita elfu tano, lilionekana kama mtoto wa darasa la kwanza aliyekalishwa kwenye kiti cha mkuu wa shule. Fundi alilizungusha mara mbili akitafuta mahali ambapo lingeonekana kubwa, akashindwa.

Lilijaa kwa mvua mbili. Nilikuwepo siku ya ile ya pili, nimesimama barazani na Mama, tukisikiliza maji yakipanda ndani ya plastiki hadi sauti ikabanwa, ikakatika, na maji yakaanza kumwagika kwa juu pande zote. Ilikuwa katikati ya Desemba. Mvua ilikuwa na miezi minne mbele yake, na kila tone lake, kuanzia dakika ile, lilikuwa la bondeni. Nilijaribu kukadiria ni madumu mangapi yalikuwa yanapita mbele ya macho yangu, kwa kuwa nimesoma na hesabu hizo naziweza.

"Ya kunywa yapo," Mama alisema. "Ya kufulia tutanunua, kama siku zote."

"Mwakani, Mama, nitaleta kubwa."

"Mwakani," akasema, na hakukuwa na kejeli ndani yake, jambo lililofanya iwe ngumu zaidi kusikiliza. Alikuwa ameshaanza kushuka ngazi ya baraza akiburuta goti lake, kanga kichwani, akielekea kwenye maji yaliyokuwa yakimwagika. "Usisimame hapo unahesabu. Niletee lile beseni."